Dumu Lenye Mistari ya Kisu

4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Ipokee kwa macho, maana najua kwa masikio haitafika. Mimi mzima, ila miguu inauma kidogo kwa kusimama kwenye saruji kutwa nzima. Silalamiki, wewe ulisimama miaka thelathini na tano. Bado nakaa kile chumba cha juu ya mafundi cherehani. Wakishona wote wanne kwa pamoja, kikombe changu cha chai kinatembea chenyewe mezani. Mama ananiambia kwamba ile simu niliyokununulia umeifungia kabatini kama mkufu wa dhahabu. Mjomba, simu haiozi ukiitumia! Haya, yaishe. Nitaandika kwa kalamu kama ulivyotaka.

Sasa nikwambie. Gereji yetu inaingiza gari kwenye mashindano ya kupanda mlima tarehe kumi na mbili Mei, na mwenye gereji amenikabidhi mimi injini. Mimi! Kuna mafundi wawili wenye mvi pale, na mmoja wao tangu siku hiyo akinisalimia anaangalia ukuta.

Gari ni dogo, la zamani, silinda nne, lakini tumelifungia turbo kubwa. Unajua mwenyewe: turbo inasukuma upepo mwingi ndani ya injini, na upepo mwingi unataka petroli nyingi. Petroli ikipungua wakati upepo umejaa, mle ndani panageuka tanuri. Pampu ya mafuta iliyokuja na gari ilitengenezwa kwa mtu anayepeleka watoto shule, si kwa kazi hii. Nimeweka kubwa zaidi ndani ya tangi. Boksi lake limeandikwa sifa tele, lakini ulinifundisha kwamba boksi halijawahi kuendesha gari.

Kwa hiyo nilitoa dumu lako. Lile jeupe, lenye mistari sita uliyoikwaruza kwa kisu, kila mstari nusu lita. Nilipohama nyumbani niliacha viatu nikabeba dumu. Nikachomoa mpira wa mafuta, nikautia dumuni, nikawasha pampu nusu dakika huku natazama saa, kama ulivyokuwa ukifanya. Kwa hesabu zangu injini hii ikikazwa kabisa itataka mistari mitatu. Dumu likajaa mpaka karibu na wa nne. Nimefurahi, ila kuna kitu kinaniwasha: kila pampu ikifanya kazi, taa za gari zinafifia. Ni nini hicho?

Dereva tumeshapata. Mtu mzuri, mkono mwepesi.

Mpwa wako,
Kumi


21 Februari

Mpwa wangu Kumi,

Marahaba. Leo nilitaka kuandika jina lako la cheti, nikaona halinijii. Tangu una miaka saba wewe ndiye uliyeipata spana namba kumi kila ilipopotea, na spana namba kumi hupotea kila siku ya Mungu. Basi utabaki Kumi.

Mama yako mzima. Daftari letu bado linaning'inia kwa kamba kwenye msumari wa mlango wa jikoni, ndilo tunalozungumzia. Jana kaandika: "Umekula?" Nikaandika: "Nimekula." Akaandika: "Uongo." Na ulikuwa uongo kweli. Akikasirika huandika kwa herufi kubwa mpaka kalamu inatoboa ukurasa. Mimi ni yule yule wa chumba cha uani. Masikio tangu nilipostaafu yamefunga duka, kwa hiyo usiyapigie simu.

Hongera kwa kazi. Huyo anayeangalia ukuta mwache, ukuta utamchoka.

Taa kufifia ni waya. Pima umeme pale pale kwenye plagi ya pampu, tena pampu ikiwa kazini. Usipime kwenye betri ukaridhika. Utakuta betri ina volti kumi na mbili na ushee, na kule nyuma pampu inapata kumi na kitu. Waya wa kiwandani ni mwembamba, uliwekewa pampu ndogo. Kuilisha pampu kubwa kwa waya ule ni kumpa mbeba mizigo uji wa mgonjwa. Vuta waya mnene kutoka kwenye betri, uwe na fyuzi yake na rilei, ile swichi inayowashwa kwa umeme, halafu ule wa zamani uuachie kazi ya kuamrisha rilei tu. Sugua na mahali unapofunga hasi, rangi yote itoke. Badilisha chujio hata kama ni safi.

Hilo dumu nilidhani limepasuka zamani.

Tena, dereva ni nani? Umeandika kurasa mbili juu ya pampu na taa, dereva ukampa mstari mmoja.

Mjomba wako


3 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na ahsante, na ahsante tena. Kumi na nukta nane! Ndicho nilichokikuta kwenye plagi, kama vile ulikuwa umesimama nyuma yangu. Nimevuta waya mnene, nimeweka rilei, nimesugua. Taa zimetulia. Nimerudia dumu: limepita mstari wa nne. Yule wa kuangalia ukuta alikuja akachungulia, akasema "hm". Kwake hiyo ni hotuba.

Hapa hakuna habari kubwa. Mvua imeingia, bomba la uani limepasuka, tunachota maji kwa fundi cherehani.

Haya, wewe hudanganyiki. Dereva ni mdogo wangu. Ndiyo, huyo huyo Kitinda wenu, kitindamimba wa mama, aliyekuwa akilia akinyolewa. Alikuja kunitembelea mwezi wa kumi na mbili, mwenye gereji akamwona akiegesha gari kinyumenyume kwenye ule uchochoro wetu, akasema huyu tumpe usukani. Anaendesha vizuri, Mjomba. Sisemi hivyo kwa kuwa ni damu yangu.

Tafadhali usimwambie mama. Usiandike hata neno kwenye hilo daftari. Akijua ataanza upya yale ya baba. Unakumbuka baada ya ile ajali? "Mwanaume mkaidi, kakanyaga mpaka injini ikapasuka, sasa tunamtembeza kwa fimbo." Na kila mara ilikuwa Jumapili, ulipokuja kula. Siku nyingine hakulitaja kabisa, lakini Jumapili ilikuwa lazima. Baba anacheka kidogo, nawe umeinamia sahani unatafuna, humtetei, humlaumu. Nikawa najiambia, huyu mjomba ana busara, hataki kuingilia ya mke na mume.

Mimi nampenda baba yangu, Mungu amrehemu, lakini ukweli lazima usemwe: alikanyaga kupita kiasi. Kitinda si baba. Nimemwambia, ukivuka pale nilipokuwekea alama kwenye geji, nakushusha.

Niandikie upesi.

Kumi


9 Aprili

Mpwa wangu,

Sisi wazima. Mama yako anakusalimu. Nimechelewa kuandika, mvua imekuwa nyingi na miwani ilivunjika mkono mmoja.

Kuhusu gari. Usizidishe upepo wa turbo. Uache ulivyo, au upunguze. Na mtafute dereva mwingine. Wapo wengi.

Salimia wote hapo.

Mjomba wako


16 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Tuko wazima, na sitakuandikia habari za nyumbani maana nimekasirika.

Nimengoja barua yako zaidi ya mwezi mzima. Kila asubuhi nachungulia sanduku la posta kama mchumba. Halafu inakuja, mistari saba! Miwani ilivunjika mkono. Mjomba, wewe uliwahi kufunga gia boksi ukiwa umevunjika mkono wako mwenyewe, leo miwani ndiyo inakuzuia?

Mtafute dereva mwingine. Kwa nini? Kitinda kafanya nini? Au ni mimi? Kama unaona kazi yangu haitoshi, niambie uso kwa uso, nitaumia halafu nitarekebisha. Lakini kunitupia amri bila sababu, hukunifundisha hivyo. Ulikuwa ukiniambia fundi akisema "usifanye" bila kusema "kwa sababu", anaficha kitu au hajui kitu.

Barua yako ilinikuta nimeshapandisha turbo. Ilikuwa ikisukuma presha ya paundi kumi na tano, sasa ni ishirini na mbili, na kwa nini nisipandishe? Dumu linasema pampu ina akiba. Juzi Jumapili tulilijaribu kwenye ile barabara iliyonyooka nyuma ya maghala. Mimi nilisimama pembeni na saa. Mjomba, lile gari linaondoka kama limetukanwa! Kitinda alishuka anacheka mpaka machozi. Kitu kidogo tu alichosema, eti juu kabisa gia ya nne anasikia kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo. Nimemwambia ni bati la bomba la moshi, nitalikaza.

Zimebaki wiki nne kasoro. Nipe sababu, au nipe baraka zako. Mojawapo.

Kumi


23 Aprili

Kumi, mwanangu,

Barua hii haipiti posta. Nimemshikisha dereva wa basi mkononi. Na mama yako amekupigia simu akakwambia ile sentensi moja niliyomwandikia daftarini: gari lisiwashwe mpaka barua ifike. Aliisoma, akanitazama muda mrefu kabla ya kubonyeza namba zako.

Umeandika kokoto ndani ya kopo. Baba yako alitumia maneno hayo hayo.

Ngoja niseme kwa mpangilio, nisije nikakimbia katikati.

Injini ya gari la mashindano la baba yako niliifunga mimi, hilo unalijua. Turbo kubwa kama yako, pampu kubwa niliyoichagua mwenyewe. Niliipima kwa dumu hilo hilo, likajaa vizuri, nikatembea kifua mbele wiki nzima. Sasa sikiliza, maana hili nilipaswa kukuandikia Februari. Dumu linapima pampu isiyo na mzigo. Mpira uko wazi, petroli inajimwagia tu. Ndani ya gari hali ni nyingine. Pampu inasukuma petroli dhidi ya presha, arobaini na tatu hivi gari likiwa limetulia. Turbo ikianza kupuliza, presha ya petroli lazima ipande sawasawa na ya upepo, la sivyo petroli haipenyi kuingia. Turbo yako inasukuma ishirini na mbili, basi pampu inapambana na sitini na tano. Mtu anayekuletea ndoo nne kwenye tambarare, mpandishe ngazi uone atafikisha ngapi. Pampu yoyote ina mahali inapochoka, na dumu halikuonyeshi mahali hapo. Ikichoka, petroli inapungua upepo ukiwa umejaa, moto unawaka ovyo ndani ya silinda, na hizo ndizo kokoto anazozisikia Kitinda.

Hilo lilikuwa kosa la kutojua. Ningeweza kuishi nalo. La pili si la kutojua.

Masikio yangu hayakufa nilipostaafu. Niliwadanganya. Yalianza kuondoka wewe ukiwa na miaka tisa. Kwanza sauti nyembamba: ndege, filimbi ya birika. Halafu sauti za watu, na mwisho injini. Kumi, fundi asiyesikia injini ni nini? Niliona aibu. Watu walitoka mbali kwa sababu ya masikio yangu. Walipenda kusimulia jinsi ninavyoweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, nikataja ugonjwa kama daktari. Basi nikaendelea kuweka bisibisi sikioni. Natikisa kichwa, sisikii kitu, nabahatisha kwa mtetemo wa mkono. Midomo ya watu nilijifunza kuisoma. Mtu akigeuka, au nikiinama, nimempoteza.

Alhamisi, kabla ya mashindano, baba yako alirudi kutoka kulijaribu gari. Akasimama mbele ya uso wangu akasema: "Shemeji, juu kabisa gia ya nne nasikia kama kokoto ndani ya kopo." Nilimwelewa vizuri. Nikapanda naye. Akakanyaga, akanyooshea boneti kidole: unasikia? Nikavaa uso wa fundi. Nikamwambia: "Ni bati la bomba la moshi. Nenda tu."

Akaenda. Jumapili, kona ya tatu kutoka juu, pistoni ikatoboka, oili ikamwagikia tairi, gari likapiga ukuta wa ghala. Mguu wake unaujua. Nilipoingia wodini alisema jambo moja, nikalisoma midomoni: "Nilikanyaga sana, shemeji." Nikaitikia. Nikaitikia, Kumi! Watu wakasema mkaidi, nikaitikia. Miaka minne katembea na fimbo na jina hilo, mpaka homa ya mapafu ilipomchukua, nami nikambeba begani kwenda kumzika na bado nimenyamaza.

Baba yako hakukanyaga kupita kiasi. Alikanyaga kiasi nilichomwambia.

Sasa fanya hivi. Kwenye ile valvu ya presha ya mafuta kuna kimpira chembamba kinachotoka kwenye injini. Kichomoe, mahali pake uunganishe pampu ya baiskeli yenye geji. Usiwashe injini. Sukuma kwa mkono mpaka ishirini na mbili na ushikilie hapo, valvu itadhani turbo iko kazini. Mpira wa kurudishia mafuta uuelekeze ndani ya dumu, washa pampu, nusu dakika. Mstari utakaouona huo ndio wa kweli. Halafu toa plagi za moto uziangalie kwa kioo cha kukuzia. Ukiona vitone vinavyong'aa kama bati, pistoni imeanza kuliwa.

Kama hutaki kuniandikia tena, nitaelewa. Lakini lipime.

Mjomba wako


16 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimeiandika na nimeiacha, ingawa nilifikiria kutoiandika.

Barua yako niliisomea ngazini, mafundi cherehani wakinipita na vitambaa. Nililia. Halafu nikakasirika. Niliingia gerejini na dumu lako mkononi nikitaka kulipasua kwa nyundo. Yule wa kuangalia ukuta akanishika mkono, akaniletea kiti. Nikakaa, halafu nikaenda kununua pampu ya baiskeli.

Mistari miwili na nusu. Injini inataka mitatu, na ile akiba yangu yote ya mstari wa nne ilikuwa hewa. Plagi ya silinda ya tatu ilikuwa na vitone, vidogo, vinang'aa. Tukafungua injini. Pistoni ya tatu ilikuwa imeliwa pembeni kama biskuti aliyoionja mtoto. Mwenye gereji alipoiona alikaa chini sakafuni na suruali yake safi. Kwa makadirio yetu ingeweza kupanda mlima mara moja tu, labda isifike nusu.

Tumebadilisha pistoni. Nimeweka pampu ya pili sambamba na ya kwanza, na waya wake na rilei yake. Inalala, turbo ikifika kumi inaamka. Nimepima kwa presha, zote mbili pamoja: mistari minne kamili. Juu ya hapo nimeishusha turbo mpaka kumi na nane. Kitinda alinuna siku mbili. Tarehe kumi na mbili akapanda mlima akawa wa sita kati ya ishirini na mmoja, injini nzima, miguu yote miwili mizima. Nilimwona anashuka kwenye gari, nikamkumbatia mbele za watu mpaka akasema, "Dada, unaninyonga."

Dumu sikulipasua. Nimekwaruza alama mpya upande wa pili, kwenye mbili na nusu, nikaandika kwa kisu: PRESHA 65.

Sasa ya kwetu. Nimekukasirikia, na bado. Miaka kumi na tisa nimembeba baba yangu kama mtu mkaidi. Nilimsema hata juzi, kwenye barua niliyokuandikia wewe. Wewe ukaisoma na ukaifanya miwani kisingizio. Lakini nami nina la kusema. Kitinda aliponiambia kokoto, nilimjibu bati la bomba la moshi bila hata kufikiri. Masikio yangu hayana ubovu, Mjomba. Nilisimama pembeni na saa, sikupanda, kwa sababu kama ningepanda ningesikia, na kama ningesikia ningelazimika kufungua injini mbele ya wale wenye mvi. Kwa hiyo sina jiwe la kukutupia. Nikiliokota litanirudia.

Kitinda nimemwambia yote. Mama sijamwambia, na sitamwambia. Hilo ni lako. Uko naye nyumba moja, daftari liko msumarini. Mwambie mume wake hakuwa mkaidi.

Na nijibu hili moja: baba alijua?

Kumi


29 Mei

Kumi, mwanangu,

Marahaba, na hiyo marahaba naiandika kwa mikono miwili. Wa sita! Mwambie Kitinda mjomba wake anasema anune anavyotaka. Nikija nitapanda naye, niweke kiganja juu ya dashibodi, pampu ya pili ikiamka nitaijua.

Nimemwambia mama yako. Ilinichukua siku tatu. Siku ya kwanza nilifungua daftari nikaandika: "Chumvi imetosha." Siku ya pili nikaandika: "Dada, kuna jambo," akaja kusoma, nikakata nikaandika: "Dirisha la uani halifungi." Akalifunga. Siku ya tatu nikaandika kurasa nne, zote: bisibisi, kokoto, bati, wodini. Nikaliacha msumarini nikaenda kukaa uani natazama nguo zilizoanikwa.

Zikakauka. Akazianua moja moja, akazikunja, akaingiza ndani. Ndipo akaja na daftari, akakaa kwenye benchi karibu yangu, akaandika kwa muda mrefu. Nakunakilia neno kwa neno, maana lile swali lako jibu lake limo humu:

"Nilijua. Mume wangu aliniambia ya kokoto na bati wiki ile ile akiwa kitandani. Akaniapisha nisikuguse, kasema shemeji atasema mwenyewe siku yake ikifika. Mimi sina subira hiyo. Nikawa namsema yeye kila Jumapili ukija kula, ili wewe usikie uchomeke. Anajua nakupiga wewe mafumbo, ananikanyaga mguu chini ya meza ninyamaze. Nawe unatafuna. Miaka minne unatafuna! Nikasema ndugu yangu ana moyo wa jiwe. Amekufa mume wangu, bado nakungoja. Kumbe nilikuwa nampigia mbuzi gitaa."

Kumi, nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikakohoa, naye akacheka, halafu mmoja wetu akaanza kulia na sijui alikuwa nani. Zile Jumapili zote mimi nilidhani anazungumzia bei za sokoni.

Tulipotulia nikaona nami nina haki ya kuuliza. Nikachukua kalamu nikaandika: "Sasa kwa nini hukuniambia waziwazi?"

Akaisoma. Akaninyang'anya kalamu, akaandika maneno mawili kwa herufi kubwa, mpaka ukurasa ukatoboka:

"WEWE JE?"

Mjomba wako